Italia Iko Wodi ya Wanawake

Ukitaka kuwajua watu wenye mali na wasio na haya, kaa kwenye lango la hospitali ya wagonjwa wa akili asubuhi ya siku ya Poya, sikukuu ya Wabudha ya mwezi mpevu. Utawaona wanashuka kwenye magari, wamevaa nyeupe kuanzia utosini hadi miguuni, masufuria yamefungwa vitambaa, watoto wameonywa wasimguse mtu. Wanapakua wali, wanapigana picha, wanafumba macho kidogo ili waonekane wanawaombea viumbe wote duniani, halafu hao, wanatoweka kabla mgonjwa hajawaomba namba ya simu. Wakifika nyumbani, cha kwanza wanaoga.

Piyaseeli alikuwa amewaona wa kila sampuli. Alikuwa fundi cherehani wa Maharagama, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, mwenye mdomo mkali kuliko mkasi wake. Kila Jumatatu na Ijumaa alifunga kibanda chake, akapanda basi, akaja kukaa na wagonjwa wa wodi ya wanawake kwa hiari yake. Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza na ngumu kuifanya. Unamsuka mtu nywele. Unamsikiliza, hata kama jambo ni lile lile la jana. Unamwambia binti aliyeletwa juzi amefungwa kanga mikononi kwamba wewe nawe uliletwa hivyo hivyo, ukipiga mayowe hivyo hivyo, na leo unashona sare za shule na unakopesha majirani.

Maana Piyaseeli mwenyewe alilala humo. Kitanda cha karibu na dirisha kilikuwa chake.

Wazo la kuwaita waliopona warudi kusaidia lilikuwa la Dokta Hapuarachchi, mkuu wa wodi, aliyerudi nalo kutoka mkutano wa ng'ambo pamoja na mkoba mpya wa ngozi. Aliwafundisha kwa siku mbili, akawavisha mkanda wa kijani wa begani ulioandikwa "Nimepita Hapa". "Ninyi mna elimu ambayo sisi madaktari hatuna," akawaambia kwa sauti ya kubembeleza. Wenzake Piyaseeli wakafuta machozi. Yeye akajisemea moyoni, haya, wazimu wangu wa zamani umekuwa shahada. Lakini mkanda aliuvaa, tena aliupiga pasi.

Kulikuwa na kisa kimoja ambacho aliwasimulia wagonjwa wote, na hakuchoka nacho. Alipokuwa amelazwa, baba yake alifariki. Watu wa nyumbani walikuja kumwona, wakamletea ndizi, wakasema baba anaumwa mguu kidogo, ndiyo maana hakuja. Miezi ikapita, mguu ukawa bado unauma. Siku aliporuhusiwa kurudi, akaingia ndani anaita, "Baba! Baba!" Akakuta kitanda kimetolewa, na kijisanduku cha tambuu cha baba kiko mkononi mwa jirani. "Walinificha," alikuwa akisema. "Eti wasinisumbue akili! Akili ni yangu, msiba ni wangu, wao walinisaidia nini? Mtu anayekuficha msiba wako amekuzika wewe na maiti pamoja." Na wagonjwa walitikisa vichwa, kwa sababu karibu kila mmoja alikuwa na kitu alichofichwa.

Katika wote hao, aliyempenda zaidi alikuwa Chandralatha.

Chandralatha alikuwa mwalimu wa chekechea huko Kurunegala kabla hajaugua. Sasa alikuwa amepona. Si Piyaseeli aliyesema hivyo, ni Dokta mwenyewe, tena tangu siku nyingi. Alikunywa dawa zake bila kusukumwa, aliwaimbia wenzake nyimbo za watoto, aliwafundisha wasiojua kuandika majina yao kwa kidole kwenye unga. Kilichombakiza wodini kilikuwa kitu kimoja: lazima ndugu aje amchukue. Na ndugu, yaani kaka yake Wimalasiri Wanigatunga, mwenye duka la vigae, alikuwa hapokei simu ya hospitali. Mama yake angekuja, Chandralatha alisema kila mara, lakini magoti. Mama hana magoti ya basi.

Na sasa muda ulikuwa unaisha. Wasiochukuliwa walikuwa wanapelekwa mwisho wa mwezi kwenye ile nyumba ya kule milimani, ambako kuna hewa nzuri na mandhari nzuri, na ambako watu hutoka wamebebwa. Jina la Chandralatha lilikuwa limeshatajwa.

"Dada Piya," alimwuliza siku moja wakikunja mashuka, "kule milimani wageni wanafika kweli?"

"Mbuzi wanafika," Piyaseeli akajibu. "Huendi huko. Nimesema."

Alisema tu. Hakuwa na lolote la kufanya, mpaka simu ilipolia.

Ilikuwa Jumatatu, na Sista Dulcie, muuguzi mkuu wa wodi, alikuwa anafunga mtu kidonda. Piyaseeli akapokea. Sauti ya mwanamume, nzito, ya mtu aliyezoea kuagiza, ilisema inataka kuleta sadaka ya chakula siku ya Poya, Ijumaa hiyo. Sadaka ya kutimiza miezi mitatu tangu mama yake mzazi afariki. Watakuja na mtawa wao wa Kibudha. Anataka wodi ya wanaume.

"Jina la mleta sadaka?"

"Wanigatunga. Kurunegala."

Piyaseeli akashika meza.

"Pole kwa msiba, bwana," akasema, na sauti yake ikawa laini kama siagi. "Lakini Kurunegala mbali. Huko kwenu hakuna hospitali?"

"Ndiyo maneno ya mama mwenyewe kitandani," mwanamume akasema kwa kinyongo. "Aliagiza sadaka yake ya miezi mitatu iletwe hapo kwenu, na aliyasema mbele ya dada zake. Sasa utafanyaje? Wodi ya wanaume, umeelewa? Ya wanaume."

"Nimeelewa sana, bwana."

Alielewa kuliko alivyodhaniwa. Yule mama asiye na magoti alikuwa ametafuta njia ya kufika wodini hata akiwa amekufa, na mwanawe alikuwa anamwonyesha mlango mwingine. Hasira zilimpanda Piyaseeli mpaka masikio yakawaka. Mtu anakuja kugawa wali hatua chache kutoka kwa dada yake wa tumbo moja, ajipatie thawabu, kisha apande gari arudi kuuza vigae! Ama kweli dunia haiishi vituko.

Akapanga mpango wake papo hapo. Ndugu wote watakuja, hata wale dada za marehemu. Wodi ya wanaume watakuta imefungwa. Wakiwa tayari na wali wa moto mikononi na mtawa tayari ameketi, watakwenda wapi? Wataingia ya wanawake. Na huko bwana vigae atapakua wali uso kwa uso na damu yake, mbele ya ukoo mzima, na ajaribu kusema hamjui. Kila akilifikiria hilo alitabasamu peke yake kwenye basi, abiria wakasogea.

Sista Dulcie aliposikia, aliguna. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu aliyechoka.

"Mpango mzuri," akasema. "Na yeye Chandralatha, umeshamwambia kwamba mama yake amefariki?"

"Bado."

"Utamwambia lini?"

"Sista, nikimwambia leo atalia. Akilia, ninyi mtamchoma sindano. Akichomwa sindano, Ijumaa atakuwa gogo. Kaka yake ataliwekea gogo wali na kwenda zake. Nawajua, mimi nimelala hapa."

"Lakini ni mama yake, Piya."

"Ni siku chache tu. Mama ameshakufa, hatakufa zaidi."

Ndivyo alivyosema, huyo mwenye kisa cha kijisanduku cha tambuu. Wahenga walisema nyani haoni kundule. Usiku ule alimshonea Chandralatha gauni jeupe, rangi ya sadaka na ya msiba, akaweka na lesi shingoni.

Ijumaa ilipofika, Piyaseeli aliwahi. Alimsuka Chandralatha nywele, akampaka mafuta, akamvika gauni. "Leo kuna sadaka," akamwambia. "Pendeza kidogo."

"Jamani, Dada Piya! Nyeupe hii yote kwa ajili ya wali wa watu?" Chandralatha akajigeuza mbele ya kioo kidogo, anacheka. "Mama angeniona angesema nimekonda."

Piyaseeli alikuwa na chanuo mdomoni, hakujibu.

Magari yakafika na jua. Wakashuka wajomba, mashangazi, binamu, wote weupe kama kunguni walioanguka kwenye unga, na katikati yao Wimalasiri, kitambi mbele, simu mkononi. Mkewe alibeba picha kubwa ya marehemu iliyozungushiwa maua. Kulikuwa na mume na mke wengine waliokuwa wanahudumiwa kama mayai: wakwe watarajiwa, wazazi wa kijana aliyemchumbia binti wa Wimalasiri. Hapo Piyaseeli akapata jibu la swali lake la siku zote, kwa nini kaka hapokei simu. Nani atamwoza mwanawe kwenye nyumba yenye shangazi kichaa? Basi shangazi alifutwa, kama bei ya zamani ubaoni.

"Wodi ya wanaume ni huku?" Wimalasiri akauliza.

"Ilikuwa, bwana. Imefungwa tangu jana. Upele."

"Upele?"

"Ule mbaya. Unaruka."

Mashangazi wakarudi nyuma hatua. Mkwe mtarajiwa wa kike akajikuna mkono bila sababu.

"Basi tuahirishe," Wimalasiri akasema haraka.

"Uahirishe nini?" Hiyo ilikuwa sauti ya kikongwe kifupi chenye mwavuli, Gunawathie, mdogo wa marehemu. Watu wote walimwita Mama Mdogo, na wote walimwogopa. "Wali umepikwa, mtawa ameshaingia ndani, jua linapanda, na mtawa hali baada ya adhuhuri. Dada yangu asubiri upele upone? Wanawake hawali? Songa!"

Kweli mtawa alikuwa ameshaingia. Piyaseeli ndiye aliyemwingiza, akamkalisha kwenye kiti chenye kitambaa cheupe, na mzee wa watu alikuwa anasinzia kwa amani. Wimalasiri akaangalia lango, akaangalia wakwe, akaangalia Mama Mdogo. Akaingia, uso umemshuka.

Wagonjwa walikuwa wameketi kwenye mabenchi marefu, sahani mapajani. Picha ya marehemu ikawekwa mezani, upande wa mtawa, na kwa kuwa wajomba walisimama mbele yake, waliokaa mabenchi ya nyuma hawakuiona. Mtawa akaamshwa, akasomesha maneno ya kuanzia, akahudumiwa kwanza. Kisha familia ikashika pawa.

Sasa sadaka ya namna hii ina sheria yake, na hata wezi huifuata. Wenye msiba hupakua kwa mikono yao wenyewe, mtu kwa mtu, na hawamruki hata mmoja. Ukimruka mmoja, chote ulichotoa hakimfikii marehemu. Mke wa Wimalasiri alishika sufuria la polos, mchuzi wa fenesi changa wenye korosho, chakula alichokipenda marehemu. Wimalasiri alishika wali. Wakaenda benchi kwa benchi, naye Wimalasiri alipakua huku anatazama ukutani.

Chandralatha alikuwa benchi la nyuma, kati ya Bibi Leelawathie, mgonjwa mkongwe kuliko wote wodini, na ukuta. Piyaseeli alijisogeza karibu, mikono kifuani. Alikuwa na sentensi yake tayari. Alikuwa ameifanyia mazoezi kwenye basi: "Bwana Wanigatunga, huyu humjui, au nikujulishe?" Ilikuwa inamwasha ulimini.

Lakini hakupata nafasi ya kuisema.

Chandralatha aliinua uso, akaona mkono wenye pawa, akaufuata mkono mpaka usoni. Akang'aa mwili mzima.

"Kaka!"

Pawa likabaki hewani.

"Kaka Wimale! Umekuja kunichukua?" Alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. "Nilijua utakuja. Dada Piya, si nilikwambia? Wifi, hujambo? Na mama je, yuko wapi? Amebaki kwenye gari? Magoti tena? Ngoja nimfuate mimi, msimsumbue, nitamfuata mwenyewe..."

Akasimama, sahani mkononi, anachungulia mlangoni. Wajomba, kwa ujinga au kwa aibu, wakajitenga kumpisha njia, na kule walikojitenga ikaonekana meza, na mezani picha, na kwenye picha maua.

Piyaseeli alimwona akiiona.

Sentensi yake nzuri ilikauka. Alikuwa amepanga aibu ya yule mwanamume kwa kila kipimo, kama anavyokata kitambaa, na hakuwahi hata mara moja kukaa chini akajiuliza huyu binti atalijuaje jambo hili, na kwa kinywa cha nani. Siku zote alijiona mtu anayejua maana ya kulala kitanda kile cha mgonjwa. Kumbe alikuwa amekisahau.

"Lini?" Chandralatha akauliza. Sauti ilikuwa ndogo. "Kaka. Lini?"

Wimalasiri alitazama viatu vyake.

"Miezi mitatu, mwanangu," Mama Mdogo ndiye aliyejibu. Alikuwa amesogea, mwavuli umemdondoka. "Ni wewe, Chandra? Ni wewe kweli? Sisi tuliambiwa uko Italia, unalea wazee huko Milano! Kaka yako alisema umekosa tiketi ya kuja kuzika. Mwaka Mpya akatuletea chokoleti, akasema umetutumia wewe!"

"Italia?" Chandralatha alisema polepole. "Mimi hata Galle, hapa hapa nchini, sijafika."

"Zile chokoleti," Mama Mdogo akamgeukia Wimalasiri, "ulizinunua wapi, wewe?"

"Mama Mdogo, si hapa, mbele ya watu..."

"Mbele ya watu ndipo pazuri. Nyuma ya watu umeshafanya yako."

Bibi Leelawathie, ambaye hakuna msiba uliowahi kumzuia kula, akagonga sahani yake kwa kijiko. "Mstari umesimama," akalalamika. "Wengine bado hatujapata fenesi."

Hapo ndipo Sista Dulcie alipoanza kusogea na trei yake ya sindano, na hapo ndipo Piyaseeli alipofanya jambo moja la maana siku ile: alisimama mbele yake, akamzuia kwa mwili wake wote.

Haikuhitajika sindano. Chandralatha aliinama, akaweka sahani yake benchini, wali juu yake haujaguswa. Akafuta uso kwa mikono miwili. Kisha akamwendea mke wa kaka yake, akashika mkono wa sufuria.

"Wifi, niachie."

"Lakini wewe ni..." wifi akaanza, na neno likamkwama, kwa kuwa wakwe walikuwa wanasikiliza.

"Mimi ni mtoto wake. Mtoto wa marehemu hapakuliwi sadaka ya mama yake. Anapakua. Niachie, chakula kinapoa."

Nani angemzuia? Kumzuia mtoa sadaka mkono wake ni dhambi inayojulikana hata na wenye maduka ya vigae. Wifi akaachia. Na Chandralatha akaanza na Bibi Leelawathie, akamwekea fenesi nyingi, akakunja mikono mbele yake kama mtu anayemshukuru mgeni. Akaenda kwa anayefuata. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kwenye ile lesi, na hakumruka mtu. Wale wanawake aliokula nao, aliolia nao, aliowafundisha majina yao kwenye unga, kila mmoja alipofikiwa alimwambia jambo lake. Mmoja akasema, "Mama yako anapika vizuri." Mwingine akasema, "Pole, mwalimu." Mmoja asiyesema kamwe akamshika kidole, akakiachia.

Nyuma yake Wimalasiri alifuata na wali, kwa sababu hakuwa na pa kwenda.

Walipomaliza kula, mtawa akaitisha maji ya kumimina ili thawabu imfikie marehemu. Hakuwa ameelewa hata nusu ya yaliyotokea. Masikio yalimwacha zamani. "Watoto wote wa marehemu," akasema, kama anavyosema kila mahali, "washike birika pamoja." Wakashika. Mkono wa Wimalasiri wenye pete, na juu yake mkono wa dada yake unaonuka sabuni ya hospitali. Maji yakamiminika bakulini, yakajaa, yakafurika kwenye sinia. Mkwe mtarajiwa wa kike alikuwa anamtazama Wimalasiri jicho moja. Chandralatha hakumjali. Alimtazama yule kaka kama mtu anayehesabu ni mangapi mengine ameambiwa na hayapo.

"Mizigo yake iko wapi?" Mama Mdogo akauliza mara maji yalipokwisha.

"Mama Mdogo, kuna taratibu," Wimalasiri akanong'ona. "Tutaangalia, tutapanga..."

"Taratibu! Ulimpeleka Italia bila pasi wala ndege, leo Kurunegala kwa gari ndiyo inakushinda? Kwako haendi, usitetemeke. Anakuja kwangu. Mimi mjane, nina chumba, nina kuku, na sina binti wa kuoza. Daktari yuko wapi nimwekee kidole kwenye karatasi?"

Daktari alikuwa anakuja, simu imeinuliwa juu tayari kwa picha. Alikuwa amesikia wodini kuna familia iliyokutana. "Dada Piya!" akasema, anang'aa. "Hii sasa ndiyo nguvu ya waliopitia! Hebu simama katikati hapo, mkanda uonekane."

"Toa simu yako hapa," Piyaseeli akasema, "kabla sijaitia kwenye mchuzi."

Dokta akacheka, akidhani ni utani, halafu akamtazama vizuri, akaiweka mfukoni.

Mizigo ya Chandralatha ilikuwa mfuko mmoja wa kitambaa. Aliwaaga wenzake kitanda kwa kitanda. Mwisho akafika aliposimama Piyaseeli, karibu na benchi la nyuma.

"Dada Piya."

"Naam, mdogo wangu."

"Asubuhi ulinivalisha nyeupe."

Piyaseeli akainamisha kichwa.

"Ulikuwa unajua tangu lini?"

"Tangu Jumatatu."

"Ukanisuka. Nikakwambia mama angesema nimekonda. Ukanyamaza."

"Nilitaka uende nyumbani, Chandra. Nilimwogopa yule. Niliogopa sindano. Nilitaka wakuone ukiwa macho."

"Wameniona," Chandralatha akasema. "Na naenda. Kwa hilo asante, na nasema kweli." Akakaza kamba ya mfuko wake. "Lakini kile kisa cha baba yako, cha kijisanduku cha tambuu, umenisimulia mara ngapi? Mimi nimeuliza kama mama amebaki kwenye gari. Mbele ya watu wote, Dada Piya, na wewe umesimama pale. Hilo leo sikusamehe. Labda siku nyingine. Leo hapana."

Piyaseeli alikuwa ameuona mkuki mchungu ulipomchoma yeye, halafu akauokota mwenyewe akamchomea mwingine.

Chandralatha akaonyesha benchi. Sahani yake ilikuwa palepale, wali umejaa.

"Ile haijaguswa. Sadaka ya mama yangu haimwagwi. Kaa ule."

Akaondoka na Mama Mdogo, wameshikana mikono chini ya mwavuli mmoja, na Wimalasiri nyuma yao amebeba sufuria tupu.

Piyaseeli akavua mkanda wa kijani, akaukunja, akautia mfukoni. Akaketi kwenye nafasi ya Chandralatha, akaweka sahani mapajani kama wengine. Fenesi lilikuwa limepoa, na lilikuwa tamu, tamu ya kukasirisha, na kila tonge lilishuka kwa shida.

Bibi Leelawathie akamtazama kwa upande, akaona hana mkanda.

"Umelazwa tena?"

"Hapana, bibi. Nimekaa kula tu."

"Wote husema hivyo," Bibi Leelawathie akasema, akasogea kumpisha nafasi.